Video kurudishwa na wakaguzi wa kituo cha TV: mipaka ya mwanga na rangi, namna ya kupima na kurekebisha

Fundi_Rangi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wahariri wanaopeleka kazi kwenye vituo vya televisheni: matangazo, vipindi, makala, video za muziki. Picha inaonekana safi kwenye kompyuta, mteja ameridhika, halafu kituo kinairudisha kwa sababu viwango vimepita mipaka. Nitaanza na namba zenyewe, kwa sababu wengi wanaweka limita (efekti inayokata viwango vilivyozidi) bila kujua inalinda nini.

Kwenye video ya biti 8, weusi kamili ni 16 na weupe kamili ni 235. Kroma, yaani sehemu inayobeba rangi, inatembea kati ya 16 na 240, na 128 ni katikati ambako hakuna rangi yoyote. Kwa biti 10 ni 64 hadi 940 kwa mwanga, 64 hadi 960 kwa kroma, na katikati ni 512.

Namba zilizobaki pembeni zina kazi. 0 na 255 (kwa biti 10 ni 0–3 na 1020–1023) zimetengwa kwa ajili ya kuoanisha muda kwenye SDI, waya unaobeba video ya kidijitali studioni, na haziruhusiwi kubeba picha kabisa. Zile za kati, chini ya 16 na juu ya 235, ni nafasi ya akiba: kichujio au ukandamizaji unapofanya ukingo wa kitu uruke kidogo, huo mruko uwe na pa kwenda bila kukatwa. Mhariri hapaswi kuijaza nafasi hiyo kwa picha yake.

Mipaka inayotumika sana upande wetu wa dunia ni ya EBU (umoja wa watangazaji wa Ulaya), pendekezo R 103. Linasema R, G na B (nyekundu, kijani na bluu), kila moja, zikae kati ya −5% na 105%. Kwa namba ni 5 hadi 246 kwenye biti 8, na 20 hadi 984 kwenye biti 10. Toleo lake la mwaka 2000 lilikuwa na sharti la ziada, luma (kiwango cha mwanga) iwe kati ya −1% na 103%, na bado kuna masharti ya vituo yanayobeba namba hizo. Kwa hiyo usikisie: omba karatasi ya masharti ya kituo kabla hujaanza kusahihisha rangi.

Sasa jambo linalowaangusha wengi. Wanatazama luma peke yake, wanaona haijapita 100%, wanatoa faili. Luma ni jumla tu. Kwa Rec. 709, kiwango cha rangi cha video ya HD, inapatikana kwa 0.2126 ya nyekundu, 0.7152 ya kijani na 0.0722 ya bluu. Jumla inaweza kuwa halali wakati chaneli moja imepitiliza mbali.

Chukua pikseli yenye Y 235, Cb 128 na Cr 150 (Y ni luma, Cb na Cr ni kroma). Kila namba, ukiitazama peke yake, iko ndani ya mipaka. Igeuze kuwa RGB: nyekundu inatoka 115.5%, kijani 95.4%, bluu 100%. Hiyo ni pikseli haramu na luma yake haijakosea hata kidogo. Ukihesabu michanganyiko yote ya Y, Cb na Cr kwenye biti 8, kama robo tu ndiyo inarudi kuwa RGB halali.

Kwa hiyo chombo cha kwanza kufungua ni paredi ya RGB, grafu inayoonyesha chaneli tatu kila moja kando ya nyingine. Grafu ya luma na vektaskopu (ya kupima rangi na ukolevu wake) vinafuata.

Kijana_wa_Taimlaini

Mkuu shukrani kwa somo. Swali: hii mipaka si ilikuwa ya enzi za analojia? Dar es Salaam walizima mitambo ya analojia tangu 31 Desemba 2012, Kenya wakafuata 2015. Kwa nini bado tunabanwa?

Bi_Skopu

Ndugu, sababu imebadilika ila tatizo limebaki.

Enzi za analojia lilikuwa suala la transmita. Picha ilirushwa kwa namna ambayo weupe ukiongezeka, nguvu ya wimbi inapungua. Weupe kamili uliacha kiasi kidogo tu cha wimbi, karibu 10%. Ukizidisha, wimbi linafika sifuri, na kwa kuwa televisheni ilitumia wimbi hilo la picha kuipata sauti, watu nyumbani walisikia mngurumo kila maandishi meupe makali yalipotokea. Na rangi ilibebwa juu ya mwanga: kwenye PAL, njano kamili ya 100% ilipanda hadi 133% ya kiwango cha weupe. Ndiyo maana paa za rangi za majaribio zilitengenezwa za 75%.

Leo faili lako linapita kwenye seva, enkoda, king'amuzi, kisha televisheni. Mwishoni lazima igeuzwe RGB ili skrini iwake, na chaneli iliyopita kiwango inakatwa. Unapokata chaneli moja na kuziacha mbili, uwiano wa rangi unavunjika. Chungwa yenye nyekundu 118, kijani 62, bluu 20 ikikatwa inabaki 100, 62, 20, imesogea kuelekea njano. Na king'amuzi hiki hakikati kama kile. Kwa hiyo wewe mhariri ukiacha kazi hiyo ifanyike huko mbele, huna tena usemi juu ya rangi ya mteja wako. Nembo ya kampuni inatoka tofauti nyumba hadi nyumba.

Halafu kuna ukaguzi wa mashine. Programu ya ukaguzi haijali picha ni nzuri kiasi gani, inahesabu pikseli.

Mzee_wa_Greidi

Nakazia hapo kwa Bi Skopu, halafu niwaondolee wasiwasi mmoja. R 103 yenyewe inataka kifaa kihesabu kosa pale tu pikseli zilizopitiliza zinapozidi 1% ya eneo la picha. Kwa hiyo ukiona nyuzi nyembamba zinachomoza juu ya 105% kwenye skopu (grafu za kupimia picha), zile zinazometameta kwenye kingo za maandishi au mng'ao wa maji, usiharibu picha nzima kuzifukuza. Tazama uzito wa mstari. Ukiwa mnene na umetulia, hapo kuna kazi.

Kijana_wa_Taimlaini

Nimeelewa. Sasa tuelezeni hatua kwa hatua. Mimi natumia Premiere, jamaa zangu wako Resolve.

Fundi_Rangi

Sawa. Kabla ya programu, mpangilio: kwanza mwanga, pili ukolevu wa rangi, limita mwisho kabisa. Limita ikibeba kazi ya hatua mbili za mwanzo, picha inatoka na mabaka bapa: shati jeupe lisilo na mikunjo, anga lisilo na mawingu, paji la uso lenye doa.

PREMIERE. Fungua Lumetri Scopes. Bonyeza kitufe cha kulia kwenye dirisha lake, chagua paredi ya RGB, kisha ondoa tiki kwenye "Clamp Signal". Ikiwa imewekwa, skopu inakata chochote juu ya 100 na chini ya 0 kabla ya kukuonyesha, na wewe unaamini uko salama. Kiwango kiwe cha float badala ya biti 8.

Sahihisha kila klipu. Kisha weka adjustment layer juu ya traki zote, juu ya maandishi na nembo pia, na ndani yake weka efekti ya Video Limiter. "Clip Level" iwe 100 IRE (IRE ni asilimia ya weupe kamili). "Compression Before Clipping" weka 3% au 5%: hapo sehemu za karibu na kikomo zinabanwa polepole kabla ya kukatwa. 20% inabana mapema mno, uso wa mtu unapoteza uhai. Kuna tiki ya "Gamut Warning" inayopaka rangi sehemu zilizopita. Itumie kutafuta, kisha iondoe kabla ya kutoa faili. Ikisahauliwa inatoka na faili.

RESOLVE. Kwenye mipangilio ya mradi, ukurasa wa usimamizi wa rangi, kuna "Broadcast safe IRE levels" yenye chaguo tatu: 0–100, −10–110 na −20–120, na tiki ya "Make broadcast safe". Chagua 0–100. Lakini hicho ni kisu kikali. Kwanza tumia soft clip ya kwenye custom curves: shusha "High" hadi chaneli iingie ndani, kisha ongeza "High Soft" ili mkunjo uwe laini. Ukiiweka kwenye nodi za taimlaini badala ya za klipu, itagusa pia maandishi yaliyo juu.

FINAL CUT: washa Range Check kwenye menyu ya View, inachora mistari kwenye sehemu zilizopita. Efekti ya Broadcast Safe iweke kwenye compound clip ya kazi yote. AVID: Safe Color Limiter, traki ya juu kabisa.

Mama_Kitenge

Wakuu, mimi nauliza kuhusu taa za jukwaani. Tamasha limepigwa taa za LED za bluu, luma iko chini kabisa, chini ya 10%, lakini ripoti inasema fremu hizo ndizo mbaya kuliko zote. Inakuwaje giza likawa kosa?

Bi_Skopu

Dada, huo ndio mfano bora wa alichosema mleta uzi. Bluu inachangia 7% tu ya luma. Chukua pikseli ya taa hiyo: nyekundu 20%, kijani −6%, bluu 118%. Piga hesabu ya Rec. 709: luma inatoka 8.5%. Kwenye wimbi la luma inaonekana kivuli. Kwenye paredi, bluu imepasua dari na kijani kimetoboa sakafu.

Na limita ya luma haitaigusa, kwa sababu luma haina kosa. Dawa ni kupunguza ukolevu wa rangi, kuzivuta chaneli tatu kuelekea luma. Kwa pikseli hiyo, ukolevu ukishuka hadi 84% bluu inafika 100% na kijani kinapanda hadi −3.7%. Zote zimeingia ndani ya R 103, na mtazamaji bado anaona bluu ya taa ya jukwaani.

Usishushe ukolevu wa picha nzima. Kwenye Resolve tumia kurva ya Hue vs Sat, chagua bluu, shusha hapo tu. Bora zaidi ni Sat vs Sat: inapunguza zilizokolea kupita kiasi na kuacha za kawaida, hivyo nyuso za wasanii hazipauki. Kwenye Premiere kurva hizo zipo ndani ya Lumetri, sehemu ya Curves. Ukimaliza, angalia magenta pia, taa za LED za zambarau zina tabia ileile: kijani kinazama chini ya sifuri.

Mama_Kitenge

Ahsante sana dada, hapo kwenye kijani kuwa chini ya sifuri ndipo nilipokuwa sipaoni.

Msoma_Faili

Niongezee nyama kwenye jambo ambalo halijaguswa: faili kusomwa kwa masafa (upeo wa namba kutoka weusi hadi weupe) yasiyo yake. Kuna video za 16–235 na kuna za 0–255. Simu na baadhi ya kamera za picha hurekodi 0–255 na kuweka alama ndani ya faili. Alama ikipotea njiani, labda umepitisha kwenye programu ya kubadilisha faili, mambo mawili hutokea.

Faili la 0–255 likisomwa kama 16–235: weusi unaanguka hadi −7.3%, weupe unapanda hadi 109.1%. Picha inakuwa kali, vivuli vimezama. Paredi ikijaa kutoka −7 hadi 109 kwa klipu zote za kifaa kimoja, acha limita, tatizo ni masafa. Likiwa kinyume, la 16–235 kusomwa kama 0–255: weusi unakaa 6.3% na weupe 92.2%. Hakuna ripoti itakayoikataa, ila picha ina ukungu.

Kwenye Resolve nenda Clip Attributes, "Data Levels", ubadilishe Auto kuwa Full au Video. Unapotoa faili la TV, kwenye mipangilio ya juu ya Deliver hakikisha ni Video.

Kuangalia alama bila kufungua mradi:

`ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=pix_fmt,color_range,color_space,color_primaries,color_transfer faili.mxf`

"tv" ni 16–235, "pc" ni 0–255, "unknown" maana yake kila programu itakisia yenyewe.

Mzee_wa_Greidi

Tofautisha na hili: kamera nyingi za video zinarekodi weusi kwa 16 kama kawaida lakini weupe zinauacha upande hadi 255, yaani 109%. Hilo si kosa la masafa. Kanzu nyeupe kwenye jua la saa sita, mabati, povu la bahari, vyote vitakaa pale juu na maelezo yake yapo mazima. Ukishusha mwanga wa sehemu za juu kabla ya kitu kingine chochote, mikunjo ya kanzu inarudi.

Kinachoiua ni LUT, jedwali la kubadilisha rangi. LUT nyingi hazipokei kitu kilicho juu ya 100%. Kinachoingia kwa 109 kinatoka kimekatwa, na ukishusha mwanga baada yake unapata kijivu bapa. Nodi ya kushusha mwanga ikae kabla ya LUT. Kwenye Lumetri, LUT ya "Input" huchakatwa mapema, kwa hiyo shusha kwa efekti nyingine ya Lumetri iliyo juu yake kwenye orodha.

Graphics_Pwani

Na maandishi? Nimefundishwa nyeupe ya maandishi niandike 235,235,235 na nyeusi 16,16,16. Ni sahihi?

Fundi_Rangi

Hapana mkuu, unapunguza mara mbili. Photoshop na After Effects zinafanya kazi kwa RGB ya 0–255, na programu ya kuhariri inageuza 255 kuwa 235 yenyewe. Ukiandika 235, inageuzwa kuwa kama 218, yaani 92% ya weupe. Si haramu, ila ujue ni weupe uliofifia. Nyeusi ya 16 inatoka 6%, kisanduku chako cheusi kitakuwa kijivu kando ya weusi wa kweli. Andika 0 kwa nyeusi. Kwa nyeupe, 240 hadi 255 inatosha, na sababu ya kuchagua ya chini ni ule mruko wa kingo niliouelezea mwanzoni.

Nyekundu ya 255,0,0 nayo ni halali kwa R 103: inageuka Y 63, Cb 102, Cr 240. Kituo kinachopima bado kwa kipimo cha kompositi (mwanga na rangi kwenye wimbi moja, kama enzi za analojia) ndicho kitakachoilalamikia. Hata hivyo maandishi membamba mekundu juu ya rangi nyingine yatachafuka kingo, kwa sababu kroma ya 4:2:2 ina nusu ya pikseli kwa upana.

Kijana_wa_Taimlaini

Kuna hili la mwisho. Limita ipo, paredi imekaa 0–100 safi. Faili likitoka na kuingizwa tena kwenye taimlaini, linaonyesha 103, 104. Limita haijafanya kazi?

Bi_Skopu

Imefanya. Vitu vitatu vinakuja baada yake.

Kwanza, kutoka RGB kwenda 4:2:2 kroma za pikseli jirani zinachanganywa, lakini luma inabaki ya kila pikseli. Kwenye ukingo, luma ya upande mmoja inakutana na kroma iliyochanganywa, na RGB inayorudi hapo inapita kikomo. Pili, kodeki, yaani mfumo wa ukandamizaji. XDCAM HD422 ya 50 Mb/s, ambayo vituo vingi huomba, ni MPEG-2 ya biti 8, na kingo kali zinapata mawimbi madogo juu na chini. Tatu, kama unabadilisha ukubwa wakati wa kutoa faili, kichujio cha kubadilisha ukubwa nacho kinarusha kingo.

Ile −5% hadi 105% imewekwa kwa ajili ya mambo haya. 103 kwenye kingo inaruhusiwa kwenye RGB. Ikigusa 105 mara nyingi, shusha limita hadi 98%, maandishi 240, na efekti ya kuongeza ukali wa picha iwe chini ya limita, kamwe isiwe juu yake. Taimlaini iwe na ukubwa uleule wa faili la mwisho.

Usitoe faili la kwanza na kulikandamiza tena kwenye programu nyingine bila kupima upya. Kinachopimwa na kituo ni faili la mwisho.

Msoma_Faili

Wa kupima faili la mwisho bila skopu za kulipia, FFmpeg inatosha kuanzia:

`ffmpeg -i faili.mxf -vf signalstats=stat=brng,metadata=print:file=ripoti.txt -an -f null -`

Kwenye ripoti tafuta YMIN, YMAX na BRNG kwa kila fremu. BRNG ni sehemu ya pikseli zilizo nje ya 16–235 au kroma 16–240, 0.01 ni 1% ya picha. Kuziona kwa macho:

`ffplay faili.mxf -vf signalstats="out=brng:color=red"`

QCTools ni ya bure na inachora grafu za vipimo hivi hivi, ni rahisi kuruka hadi fremu yenye tatizo.

Tahadhari kubwa: BRNG inatazama Y, Cb na Cr kila moja peke yake. Ile pikseli ya mleta uzi ya 235, 128, 150 itapita bila kelele. Kwa hiyo BRNG ikiwa mbaya, faili ni baya; ikiwa nzuri, bado rudi kwenye paredi ya RGB.

Vilevile msitumie hii kama tiba:

`-vf limiter=min=16:max=235:planes=1,limiter=min=16:max=240:planes=6`

Inakata namba za Y na kroma tu, RGB inaweza kubaki haramu na rangi za chungwa zikaharibika pia. Ni ya dharura, pale mradi umepotea na limebaki faili peke yake.

Graphics_Pwani

Ripoti ya kituo ikija na orodha ndefu ya muda, mnaanzia wapi?

Fundi_Rangi

Linganisha kwanza muda wa kuanza. Faili nyingi za TV zinaanza 10:00:00:00 na taimlaini yako inaweza kuwa 00 au 01. Ukisahau utatafuta kosa mahali pasipo kosa. Kisha pangilia kwa chanzo badala ya muda: makosa yakianza na kuisha pale pale maandishi yanapoingia na kutoka, ni grafiki moja, irekebishe mara moja. Yakiwa kwenye mabadiliko kati ya klipu, angalia kama umetumia mpito wa kujumlisha mwanga au modi ya Screen na Add, hizo hupandisha chaneli hata klipu zote mbili zikiwa halali. Yakifuata kamera moja, rudi kwenye masafa. Yaliyobaki ndiyo ya kushughulikia klipu kwa klipu, na kwa kawaida ni rangi zilizokolea.